Kuimba Fauré kwa kwaya ya watu 28: jibu kwa mwalimu wa kwaya

Swali: "Ninaongoza kwaya ya parokia yenye waimbaji 28. Wote wanasoma solfa, na tuna kinanda cha umeme cha funguo 61. Imebaki miezi saba kufika Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na tungependa kuimba muziki wa Fauré. Nimeambiwa alitunga Requiem, yaani muziki wa Misa ya wafu, akiwa kiziwi, akiwalilia wazazi wake, na kwamba bila okestra kamili haiimbiki. Wengine wanasema alikuwa mwalimu mkali aliyemfelisha mtunzi Ravel. Mtandaoni nimepata noti za aina tatu zisizofanana, na nyingine zimeandikwa jina la Faure lakini ni wimbo wa Jumapili ya Matawi. Lipi ni kweli, na nianzie wapi? Nafundisha vijana pia, kwa hiyo ningependa kujua yeye alifundishaje."

Mwalimu mwenzangu,

Novemba inawezekana, kwa waimbaji hao hao na kinanda hicho hicho, mradi usianze na Requiem. Anza na Cantique de Jean Racine, kisha ongeza vipande viwili au vitatu vya Requiem, na hiyo nzima uiache kwa mwaka mwingine. Hayo uliyoambiwa kuhusu uziwi, wazazi na okestra yana chembe ya ukweli kila moja, ila chembe hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Nitayapitia maisha ya mtu huyu kwanza, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la kwa nini muziki wake unaielekea kwaya kama yako kuliko unavyodhani.

Lakini kwanza tenga zile noti. Faure wa wimbo wa Matawi ni Jean-Baptiste Faure (1830–1914), mwimbaji wa opera wa sauti ya baritoni, aliyetunga Les Rameaux na Crucifix. Jina lake halina alama juu ya herufi ya mwisho. Unayemtafuta wewe ni mtunzi Gabriel Fauré (1845–1924). Wote wawili walikuwa Paris zama zile zile, na waandaaji wengi wa noti za mtandaoni wanawachanganya, kwa hiyo angalia jina la kwanza kabla hujachapisha nakala 28.

Gabriel alizaliwa Pamiers, kusini mwa Ufaransa, tarehe 12 Mei 1845, kitindamimba wa watoto sita. Baba yake alikuwa mwalimu, baadaye mkuu wa chuo cha ualimu cha Montgauzy karibu na mji wa Foix. Chuo kilikuwa na kanisa dogo lenye harmoniamu, kinanda kidogo cha upepo, na mtoto akawa anakwenda kuichezea mwenyewe. Alipofikisha miaka tisa, mwaka 1854, alipelekwa Paris kwenye shule ya bweni iliyokuwa imefunguliwa mwaka mmoja kabla na Louis Niedermeyer kwa ajili ya kuandaa wapiga ogani na viongozi wa kwaya za kanisa. Alikaa huko miaka 11.

Shule hiyo nataka uiangalie kwa makini. Wanafunzi wa Conservatoire ya Paris, chuo kikuu cha muziki cha taifa, walikuwa wakiandaliwa kwa opera na mashindano. Watoto wa Niedermeyer walilelewa kwa nyimbo za Gregori, Palestrina na Bach. Walifundishwa kuzisindikiza nyimbo za Gregori kwa kinanda bila kuzilazimisha ziingie katika funguo kubwa na ndogo za kisasa. Kwa lugha yako ya solfa maana yake ni hii: wimbo unapotulia kwenye "la", sikio letu linataka "so" iliyo chini yake ipandishwe iwe "se". Fauré mara nyingi anaiacha "so" kama ilivyo. Waimbaji wasioonywa wataipandisha kwa mazoea, na papo hapo rangi ya muziki itapotea. Alama hizo zizungushie penseli tangu mazoezi ya kwanza.

Niedermeyer alipofariki mwaka 1861, masomo ya piano yakachukuliwa na Camille Saint-Saëns, kijana wa miaka 25. Baada ya kipindi aliwaonyesha wanafunzi kazi za Schumann, Liszt na Wagner, ambazo hazikuwemo katika mtaala. Urafiki wa wawili hao ulidumu mpaka Saint-Saëns alipofariki mwaka 1921. Mwaka 1865 Fauré alimaliza shule na tuzo ya kwanza ya utunzi, kwa kazi ndogo ya kwaya ya sauti nne na kinanda. Hiyo ndiyo Cantique de Jean Racine. Ni kazi ya mwanafunzi wa shule ya muziki wa kanisa, iliyoandikwa na mtu aliyejua kwaya inaweza nini. Ndiyo maana nakuambia uanze hapo.

Baada ya hapo alikwenda Rennes kupiga ogani katika kanisa la Saint-Sauveur, akachoka huko miaka minne, akaondolewa mwaka 1870 baada ya kuja kupiga Misa ya asubuhi akiwa bado na nguo za dansi la usiku. Ikafuata vita na Prussia, ambamo alikuwa askari. Akafundisha kwa muda Uswisi, ambako shule ya Niedermeyer ilikuwa imekimbilia, kisha akarudi Paris. Mwaka 1874 alianza kumshikia Saint-Saëns nafasi katika kanisa la La Madeleine, 1877 akawa kiongozi wa kwaya hapo, na 1896 akawa mpiga ogani mkuu mpaka 1905. Hesabu mwenyewe: tangu ujana mpaka karibu miaka 60 alikula mkate wa kanisa. Kazi ilikuwa kufunza kwaya, kupiga harusi na kuzika watu, huku mchana akizunguka mjini kufundisha piano na hamonia, yaani upangaji wa sauti pamoja, kwa wanafunzi binafsi. Kutunga kulibaki kwa likizo za kiangazi.

Sasa Requiem. Baba yake alifariki Julai 1885 na mama yake tarehe 31 Desemba 1887. Requiem iliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 16 Januari 1888, na mtu akiangalia tarehe hizo ni rahisi kuona huzuni ya mama. Lakini kazi ilikuwa imeanza mwaka 1887 mama akiwa hai, na ibada yenyewe ilikuwa ya kumzika msanifu majengo aitwaye Joseph Lesoufaché. Miaka mingi baadaye Fauré mwenyewe aliandika kwamba hakuitunga kwa ajili ya tukio lolote, bali kwa kupenda tu. Mahali pengine alieleza kuwa alikuwa amesindikiza mazishi mengi mno kwa ogani hata akajua yote kwa moyo, akataka kufanya kitu tofauti. Mimi nayachukua maneno hayo kama yalivyo. Kumwondolea mtunzi sababu ya kifamilia hakuipunguzii kazi uzito wake.

Hicho kitu tofauti utakiona kwanza katika alichokiacha. Hakuna Dies irae, ile sehemu ndefu ya siku ya ghadhabu ambayo watunzi Berlioz na Verdi waliijaza ngoma na tarumbeta. Alichukua maneno yake ya mwisho tu, Pie Jesu, na siku ya ghadhabu inatajwa kwa kifupi ndani ya Libera me. Kisha akamalizia na In Paradisum, wimbo ambao kwa utaratibu unaimbwa mwili unapotolewa kanisani. Alipoulizwa mbona hakuna hofu ya kifo, alijibu kwamba yeye alikiona kifo kama kufunguliwa. Hakuwa mtu wa dini ya kujionyesha, na wanaomjua kwa barua zake wanabishana aliamini kiasi gani. Kwaya yako haihitaji kumaliza ubishi huo ndipo iimbe.

Noti za aina tatu ulizozipata zinatokana na ukweli kwamba Requiem ina maumbo matatu. La 1888 lilikuwa na sehemu tano: Introit pamoja na Kyrie, Sanctus, Pie Jesu, Agnus Dei na In Paradisum. Vyombo vilikuwa viola, chelo, besi, kinubi, timpani na ogani, na fidla moja tu katika Sanctus. Sauti za juu ziliimbwa na wavulana, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa katika kwaya ya La Madeleine. Umbo la pili, la 1893, liliongeza Offertoire na Libera me zenye solo ya baritoni, na vyombo vya shaba vichache. Libera me yenyewe aliitunga tangu 1877. Umbo la tatu ndilo la okestra kamili, lililotolewa mwaka 1900 na mchapishaji Hamelle, aliyetaka kitu cha kumbi za tamasha. Wataalamu wengi wanashuku kwamba sehemu ya kazi hiyo ya okestra ilifanywa na mwanafunzi wake, na anayetajwa zaidi ni Roger-Ducasse. Hata humo filimbi na klarineti hazisikiki ila katika Pie Jesu, na uti wa mgongo umebaki kuwa viola, chelo na ogani.

Kwa hiyo aliyekuambia haiimbiki bila okestra kamili amelitaja umbo lililokuja mwisho. Ya kwanza ilikuwa ya kwaya ya kanisa na ogani, pamoja na vyombo vichache vya sauti ya chini. Ukiimba kwa kinanda peke yake utapoteza joto la zile chelo, na hilo ni pengo la kweli. Hata hivyo hutakuwa umeivunja kazi. Ukimpata mpiga chelo mmoja, mpe mstari wa chini wa ogani. Ukimpata mpiga fidla, mpe solo ya Sanctus.

Sauti za kwaya hazitofautiani sana katika maumbo hayo. Fauré alifariki mwaka 1924, hivyo noti za zamani za Hamelle zenye kinanda ziko huru, na unaweza kuzipakua kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Toleo la John Rutter la 1984 na lile la Nectoux na Delage, yanayorudisha umbo la 1893, yana haki za wahariri wake, kwa hiyo hayo yanunuliwe. Chagua moja na wote washike hilo hilo. Waimbaji wakiwa na matoleo mawili, nusu saa ya kila zoezi itakwisha kwa kutafuta ukurasa.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Cantique imeandikwa Do ikiwa D-flati. Solfa haibadiliki kwa waimbaji, ila mpiga kinanda ataona flati tano. Kama anababaika, apige katika C na kuhamisha nusu sauti juu kwa kitufe cha kinanda. Ajizuie kushusha ufunguo wote ili sauti ya kwanza ipumzike, kwa sababu sauti ya nne ndiyo inayoanza kuingia, ikifuatwa na ya tatu, ya pili na ya kwanza, na besi wakishushwa mwanzo wao utakuwa matope. Kinanda kinakwenda noti tatu katika kila pigo, mwanzo hadi mwisho. Kosa la kawaida ni kwaya kuimba noti mbili za pigo kwa kuyumba zifuate zile tatu. Waimbaji wapige makofi mawili kwa pigo huku mpiga kinanda akiendelea na matatu yake, dakika tano kila zoezi, mpaka lisiwasumbue tena.

Maneno ya Cantique ni ya Kifaransa, Racine alivyotafsiri utenzi wa Kilatini wa sala za alfajiri. Irabu ya Kifaransa iandikwayo u haimo katika Kiswahili: tengeneza midomo kama unataka kusema "u", kisha sema "i". Irabu za puani, kama ile ya "notre unique espérance", zisifungwe kwa n, sembuse kwa "ni". Silabi ya mwisho ya neno hilo hilo, ambayo Mfaransa akizungumza huimeza, katika wimbo ina noti yake na inatamkwa kwa wepesi. Sauti ya r iwe ya ncha ya ulimi kama yetu. Hapa mtafute mtu wa kumsikiliza ana kwa ana. Kama parokiani kuna Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda anayesema Kifaransa vizuri, mwombe asome mistari polepole mara mbili, umrekodi kwa simu, na kila mwimbaji apate hiyo sauti.

Kilatini cha Requiem ni rahisi zaidi kwetu. Irabu tano za Kiswahili ni karibu zile zile za Kilatini cha kanisa, na hilo kwaya nyingi za Ulaya zinalihangaikia. Andika hivi juu ya noti: "rekwiem", "lucheat", "anyus dei", "ekshelsis", "cheli". Shida yetu iko mahali pawili. Kwanza, tumezoea kufunga neno kwa irabu, na "requiem" inageuka "rekwiemu" bila mtu kukusudia. Wafunge midomo kwenye m mwishoni mwa noti, wote pamoja, kwa ishara ya mkono wako. Pili, mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na Kilatini hakifanyi hivyo kila mara. Ni DO-mine, LI-bera, RE-kwiem, LU-cheat. Ukiacha kwaya iseme "do-MI-ne", mistari yote ya Fauré itaonekana kama imeandikwa vibaya, kumbe aliifuata lafudhi ya maneno kwa uangalifu mkubwa.

Katika Requiem ningechagua In Paradisum na Agnus Dei, kisha Pie Jesu kama una mwimbaji wake. In Paradisum inabebwa zaidi na sauti ya kwanza, wengine wanaingia kidogo. Mwendo ulioandikwa ni mapigo 58 kwa dakika, na mkono wa kulia wa mpiga kinanda unapiga noti nne kwa kila pigo, yaani noti 232 kwa dakika bila kupumzika. Aanze kufanya mazoezi kwa 44 akiwa amelegeza kifundo, apande kidogo kidogo kila wiki. Sauti za kwanza huwa zinashuka hapa, kwa sababu mistari ni mirefu, ni ya sauti ndogo na inarudia noti zile zile. Wasivute pumzi pamoja. Wagawe wawili wawili, kila mmoja avute katikati ya irabu mwenzake akiwa anaimba, wala asivute kwenye mstari wa kugawa mizani.

Agnus Dei ina mahali pamoja panapohitaji zoezi la peke yake. Wimbo uko Do = F. Kwaya inapofika "Lux aeterna", sauti ya kwanza inabaki peke yake imeshika C, na kwaya nzima inaingia chini yake kwa A-flati. Noti haijasogea, lakini ilikuwa "so" na sasa imekuwa "mi". Hapo ndipo nakala za solfa huharibika, kwa kuwa mwandishi ameendelea na Do ya zamani na kujaza "ta" na "ma" kila mahali. Andika Do mpya juu ya neno Lux. Kisha zoezi: kinanda kinyamaze, sauti ya kwanza washike "so", uwaambie waiite "mi" bila kuibadilisha, na wengine waingie kwa mdomo uliofungwa. Wakiingia nje ya sauti, mara tisa kati ya kumi kosa ni la wale walioshika C, wameishusha wakingoja. Ninakipenda kipande hiki kuliko vyote katika Requiem, na kikiimbwa safi hata msikilizaji asiyejua noti hugeuza kichwa.

Offertoire na Libera me ziache. Ya kwanza inafungua kwa sauti ya pili na ya tatu zikifuatana peke yake, hamonia ikihama karibu kila mstari, na ni sehemu ngumu kuliko zote kwa usafi wa sauti. Ya pili inadai baritoni aliyekomaa. Sanctus ni tamu, lakini Fauré hakuweka Benedictus ndani yake, na Agnus Dei yake ina maneno ya zamani ya Misa ya wafu. Kama mnaimba ndani ya Misa, zungumza na paroko mapema. Kama ni jioni ya nyimbo na sala, hakuna tatizo.

Kuhusu mwendo: usiburute. Introit imeandikwa 40 kwa kurasa za mwanzo, kisha 72. Pie Jesu ni 44, Agnus Dei 69. Waliofanya kazi na Fauré walimkumbuka kwa kushika mapigo bila kuyumba, na muziki wake ukivutwa huku na huko unapoteza nguvu. Kwenye kinanda tumia ogani laini au nyuzi, zima athari ya mtetemo, punguza mwangwi. Funguo 61 hazifiki chini kunakotakiwa na pedali za ogani. Chagua sauti yenye oktavu ya chini, au mpe mtu wa gitaa la besi ule mstari, kwa sauti ndogo sana.

Uziwi ulimjia karibu mwaka 1903, miaka 15 baada ya Requiem. Haukuwa kimya kitupu. Noti za katikati alizisikia kwa mbali lakini sawasawa, ila za juu zilimfikia zimeshuka, na za chini zimepanda, hivyo muziki ulimtesa masikioni. Katika hali hiyo aliandika opera Pénélope (1913), kwinteti ya pili ya piano (1921) na kwarteti yake pekee ya nyuzi, aliyoimaliza mwaka 1924, miezi michache kabla ya kifo chake tarehe 4 Novemba. Hapa naongeza neno la tahadhari, kwa kuwa sisi tunaokaa karibu na spika tunayapuuza haya. Ukisikia noti moja ikiwa tofauti sikio la kulia na la kushoto, au sikio moja likizimika ghafla, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyo au kesho yake. Baadhi ya matatizo hayo hutibika tu yakiwahiwa ndani ya siku chache.

Na ualimu? Hakumfelisha Ravel. Mwaka 1892 Fauré aliwania kiti cha kufundisha utunzi Conservatoire, akazuiwa na mkurugenzi Ambroise Thomas, akapewa ukaguzi wa vyuo vya muziki vya mikoani. Alikipata mwaka 1896, Thomas akiwa amefariki. Darasani kwake walipita Ravel, Charles Koechlin, Florent Schmitt, George Enescu, Roger-Ducasse na Nadia Boulanger. Ravel hakupata tuzo katika mitihani ya fuga, utunzi wa sauti zinazofukuzana, na kwa kanuni ya chuo akaondolewa darasani mwaka 1900. Fauré alimruhusu aendelee kuhudhuria kama msikilizaji. Ravel alimtunukia Jeux d'eau na kwarteti yake ya nyuzi, na mtu hamtunukii hivyo mwalimu aliyemwangusha.

Darasani alisema machache. Nidhamu ya kusuka sauti, yaani kontrapunto na fuga, aliiacha mikononi mwa André Gedalge, aliyekuwa mwalimu hodari na mkali. Yeye aliangalia kazi ya kila mtu na kumwachia njia yake. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuikataa kazi ya Ravel, kisha kipindi kilichofuata akaomba aione tena, kwa kuwa huenda yeye ndiye aliyekosea. Sikiliza wanafunzi wake leo: hakuna wawili wanaofanana, na wala hawafanani naye. Usichukue upole huo nusu, lakini. Uliwezekana kwa sababu msingi mgumu ulikuwa unafundishwa chumba cha pili. Kama kwako hakuna Gedalge, inabidi uwe wote wawili, na solfa ya kila siku ije kabla ya uhuru.

Mwaka 1905 Ravel aliondolewa katika mchujo wa Prix de Rome, tuzo kubwa ya Ufaransa kwa watunzi vijana, na ikagundulika kuwa wote waliopita walikuwa wanafunzi wa Charles Lenepveu, aliyekuwa miongoni mwa majaji. Paris ikachafuka. Fauré, ambaye hakuwahi hata kusoma Conservatoire, akateuliwa kuwa mkurugenzi wake, akaishika kazi hiyo mpaka 1920. Aliingiza majaji kutoka nje ya chuo katika usaili na mitihani, akapanua orodha ya muziki unaofundishwa kuanzia wa kale hadi wa Debussy, na waimbaji wakalazimika kujua zaidi ya opera. Walimu waliozoea mambo ya zamani walimwita Robespierre, jina la yule kiongozi mkali wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Hilo la majaji wa nje litakufaa mara moja, utakapomchagua mwimbaji wa Pie Jesu. Mwaka 1888 iliimbwa na mvulana, Louis Aubert, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafunzi wa Fauré wa utunzi. Noti zake hazipandi sana. Ugumu ni pumzi ndefu kwa sauti ndogo, bila mtetemo mwingi, kwa mapigo 44. Wasikilize watatu au wanne, wakiwa nyuma ya pazia, na mwombe mwalimu wa kwaya jirani akae nawe kuamua, asiyejua nani ni binti wa mwenyekiti. Atakayechaguliwa, mtoto au mtu mzima, apate walau vipindi viwili vitatu na mwalimu wa uimbaji ana kwa ana, maana namna ya kushika pumzi haifundishiki kwa maandishi. Na kama sauti yake imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, mpumzishe na umpeleke kwa daktari kwanza, hata kama Novemba imekaribia.